Filamu Saba za Venant na Koti la Kijivu

Koti la kijivu limerudi. Limening'inia kwenye kamba yangu tangu Jumatatu, nyuma ya magauni ya ubatizo, na mwenyewe amesema atalifuata Alhamisi. Leo ni Jumanne. Kabla Alhamisi haijafika nataka niandike habari za Venant Murhula, mwandishi wa vibao kutoka Nyantende, aliyecheza filamu saba bila kusema neno na kisha akahama nchi kwa sababu ya neno langu mimi. Hapa mtaani kwetu Kasha kila mtu ana habari zake juu yake, na wengi wanasema uongo. Mimi ninajua, kwa sababu mimi ndiye niliyemvisha.

Jina langu ni Delphine, mshonaji. Nina kibanda cha mbao, cherehani moja ya kukanyaga kwa mguu maana umeme wetu huja ukijisikia, na mdomo ambao umenigombanisha na nusu ya mtaa. Marehemu mume wangu alikuwa akisema atakufa mapema ili apumzike, na kweli alikufa mapema. Nikiwa kazini nabana pini midomoni, nne au tano, na wateja wangu hufurahi sana, kwani hiyo ndiyo saa pekee wananiona nimenyamaza.

Venant aliingia kwangu na ngazi begani. Nilikuwa nimemwita aniandikie jina la duka juu ya mlango. Akapanda, akachovya brashi, kisha akataka kuniuliza kitu, na neno likamkwama. Alikuwa na kigugumizi kibaya, kile cha kukunja uso mzima na kufumba macho. Mimi subira sina. Nikammalizia neno, silo. Nikammalizia la pili, nalo silo. Akashuka, akaweka brashi chini, akachukua utepe wangu wa kupimia, akauvaa shingoni, akaanza kumpima mwanamke mnene ambaye hayupo. Anazunguka, utepe haufiki. Anazunguka tena, anamwomba yule mama avute pumzi, anaandika kipimo, anakisoma, anashtuka. Alikuwa mimi kabisa, makalio yangu, magoti yangu, hata namna ninavyoinua nyusi mteja anapoanza kulialia. Nilicheka mpaka pini zikanidondoka. Kumbe alichotaka kuuliza ni kama nataka herufi nyekundu au za bluu.

Siku hiyo Hervé alikuwa amekaa kwangu, anasubiri suruali. Hervé ni mpiga picha wa harusi na komunyo, na kamera yake ilikuwa imekufa sauti tangu ilipoanguka kwenye beseni la vinywaji katika harusi moja huko Bagira. Picha ilitoka safi kabisa, lakini sauti ilikuwa hakuna. Hervé alimtazama Venant kama mtu aliyeokota kitu njiani na anaangalia kama mwenyewe yuko karibu.

"Maman Delphine," akasema, "huyu mutu eko na cinéma mu mwili yake. Na camera yangu haina sauti. Mungu njo anatuunganisha."

Ndivyo kazi ilivyoanza, mwaka wa 2022. Filamu ya kwanza iliitwa "Ngazi": mtu anabeba ngazi ndefu katika vichochoro vyetu vya kupanda na kushuka, na kila anapogeuka kusalimia mtu, kuna mwingine nyuma anayekula kibao cha kichwa. Ya pili ilikuwa ya bomba la maji, mtu anapanga foleni na bidon, dumu lake la maji, tangu asubuhi, na kila akikaribia anatokea mtu wa kuheshimiwa na anampisha. Zilikuwa fupi, dakika kumi, kumi na mbili. Hervé alizionyesha Jumapili baada ya misa kwenye ukumbi wa parokia, juu ya shuka ambalo nilishona mimi kwa kuunganisha mashuka matatu, na baadaye zikaenda kwenye simu za watu, na kutoka simu hadi simu zikafika mbali kuliko sisi wenyewe tulivyowahi kufika.

Bila maneno, filamu ilikuwa ya kila mtu. Kulikuwa na mama mmoja wa Bunyakiri anayeuza ndizi, Kiswahili chake cha kuungaunga, na pembeni yake wazee Warega waliorudi kutoka kuchimba dhahabu Mwenga, na watoto wa shule ya lycée wenye Kifaransa cha puani. Wote walicheka sekunde ileile. Na Venant alikaa nyuma kabisa karibu na mlango, amekumbatia magoti, anawasikiliza. Maisha yake yote watu walikuwa wamemmalizia sentensi zake. Pale hakuna aliyemmalizia kitu. Aliniambia siku moja, na nilijikaza nikasubiri mpaka akafika mwisho, kwamba angeweza kufa akifanya kazi ile na asidai kingine chochote duniani. Mama yake, Maman Eulalie, mkulima wa Nyantende, alishuka kwa miguu kuja kuona filamu ya tatu, akalia badala ya kucheka. Nilimuuliza kwa nini. Akasema hajawahi kuona watu wanamcheka mtoto wake na mtoto mwenyewe anafurahi.

Sasa nifike kwenye mambo ya nguo, na hapa sitajitetea. Kila mshonaji wa mji huu ana kamba ya nguo za watu. Mteja analeta gauni lirekebishwe, anasema Jumamosi, anakuja baada ya miezi minne. Gauni linakaa linatazama watu. Na siku dada yako anapata ubatizo na hana la kuvaa, unalitazama lile gauni na lile gauni linakutazama. Tunaazimisha. Tunafua, tunapiga pasi, tunarudisha kwenye kamba, na mwenyewe hajui. Wateja wanajua kwamba tunafanya hivyo, na sisi tunaapa kwamba hatufanyi. Filamu zote za Venant zilivaa kamba yangu: koti la bwana harusi lilitoka kwa mwalimu fulani, kofia ya mtunza sakristia ilitoka kwa mwingine, na hakuna aliyewahi kulalamika, wengine walijivuna walipoona suruali yao imekuwa nyota.

Halafu Hervé akatunga filamu ya saba, "Viti". Mkubwa anafika kwenye harusi. Wanampa kiti. Hakitoshi kwa heshima yake, wanampa cha pili aweke mguu, cha tatu aweke kofia, cha nne cha simu, mpaka bibi harusi anakaa chini kwenye nyasi na shela lake. Ilihitaji koti la mkubwa. Na mimi nilikuwa nalo.

Lilikuwa la Papa Philémon. Kazi ya Papa Philémon sitakuambia, si kwa kuficha, ila hakuna aliyewahi kuitaja. Alikuwa na ofisi isiyo na kibao. Nilijua watu wawili walioitwa pale kwa maswali madogo. Mmoja, fundi wa redio, alirudi baada ya mwezi na hakutaka tena kushika redio. Wa pili, mke wake bado anamwekea sahani mezani. Papa Philémon alikuwa na bega la kushoto lililoshuka, jeraha la zamani, na mkono wa upande huo aliubana ubavuni kama mtu aliyeficha mkate. Alitaka koti lake la Ulaya limfiche kasoro hiyo. Basi nilikuwa nimeongeza pedi kwenye bega la kushoto, nikafupisha mkono wa kushoto vidole viwili, nikabana kwapa. Ilikuwa kazi nzuri, naisema mwenyewe. Pasaka ya 2024 aliliacha tena kwangu nibadilishe bitana, akasema anakwenda Kinshasa na hatarudi kabla ya mwezi wa nane. Tulipolihitaji ulikuwa mwezi wa saba. Nikasema ni mchana mmoja tu.

Venant alikuwa hajawahi kumwona Papa Philémon hata siku moja. Hilo nitaliapia popote. Alikuwa mtu wa Nyantende, wa ngazi na rangi, alishuka asubuhi na kupanda jioni. Alivaa koti mbele yangu, akajitazama kwenye kioo changu kilichopasuka, na lile koti likaanza kumpanga. Pedi ilimlazimisha ashushe bega ili kola ikae. Kwapa lilimkata, akabana mkono ubavuni. Akapiga hatua mbili, tatu, akasimama.

"Ma-maman," akasema, "hii koti i-i-inatembea yenyewe."

Nilicheka, nikampiga mgongoni, nikamwambia aende wasichelewe mwanga. Mimi niliyeshona bega lile kwa mikono yangu sikuona kitu. Nilikuwa naangalia kama mshono wa nyuma umekaa.

Walionyesha "Viti" Jumapili iliyofuata, saa tisa mchana. Ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Mkubwa alipoingia harusini watu walipasuka kwa kicheko. Alipopewa kiti cha pili walipiga meza. Nilikuwa mstari wa pili, nacheka kwa nguvu kuliko wote. Kisha nikasikia kicheko kinakatika nyuma yangu, upande wa kulia, si mara moja, mtu mmoja mmoja. Kikakatika na katikati ya ukumbi. Mwanamume mmoja akasimama, akashika watoto wake wawili mikononi, akatoka bila kugeuka. Mwingine akamfuata. Kwenye shuka Venant aliendelea kutembea, bega chini, mkono ubavuni, na hapo ndipo nami nikaona. Yule mama wa ndizi, ambaye haogopi mtu, aliinama sikioni kwangu.

"Ule haiko Venant," akasema. "Ule ni Papa Philémon. Juu ya nini munafanya hivi?"

Filamu iliisha bila mtu wa kucheka. Bibi harusi alikaa kwenye nyasi, ukumbi ukasikia jenereta peke yake. Venant alikuwa karibu na mlango, anatutazama mmoja baada ya mwingine tukipita, anatafuta mahali alipokosea mchezo. Alidhani ameigiza vibaya.

Hervé alifuta ile filamu usiku uleule, lakini ilikuwa imeshaingia kwenye simu za watu. Wiki nzima hakuna mteja aliyeingia dukani. Wateja walipita upande wa pili wa barabara wakinisalimia kwa kidevu. Kuna vijana wawili walikuja kuuliza kama nauza vifungo, wakatazama kamba yangu nguo moja moja, wakaondoka bila kununua kifungo. Hervé akakumbuka ghafla kwamba ana shangazi mgonjwa Uvira. Venant hakukimbia. Alikuja kwangu Ijumaa, akakaa kwenye kiti cha wateja, akasubiri mpaka maneno yakakubali kutoka.

"Maman, we-wewe uko na mudomo. Mi-mimi kama bananiuliza, nitakwama, na ba-batasema niko nadanganya. Umuambie Papa Philémon kama ni we-wewe ulinipa koti. Kama sikumujua. Ni ile tu."

"Nitamuambia," nikasema. "Mungu wangu, hii ni kitu kidogo. Nitamuambia ni mimi, atanitukana, itaisha."

Na niliamini. Nilikuwa nimejipanga maneno yangu yote, hata matusi ambayo ningeyakubali. Ukweli ulikuwa mwepesi: mshonaji ameazimisha nguo ya mteja, mambo ya kila siku, aibu ni yake. Venant aliondoka amenyooka kidogo. Kitu alichokuwa anadai kwangu kilikuwa sentensi moja tu, nami sentensi ninazo za kugawa mtaa mzima.

Papa Philémon alirudi kabla ya siku zake. Aliingia asubuhi ya Jumatatu, vijana wawili wakabaki mlangoni, wamenizibia mwanga. Aliomba koti lake kwa sauti ya chini, kwa heshima. Akalivaa. Akalinusa mkono wa kulia.

"Maman Delphine, koti yangu inanuka rangi."

Sikuwa na pini mdomoni. Nimeifikiria asubuhi ile mara nyingi sana, na kila mara narudi hapo, kwamba sikuwa na pini.

"Nani aliivaa?"

Nilifungua mdomo niseme ni mimi nilimpa. Nilimwona akilini yule fundi wa redio, nikaiona na ile sahani mezani. Nikasikia sauti yangu, imara kabisa, sauti ileile ninayoapia wateja, inasema:

"Aliiba, Papa. Ule Venant wa rangi. Alikuya sipo, akaiba, kiisha akarudisha kwa siri. Hata mimi nilishituka kumuona nayo mu cinéma."

Papa Philémon alifunga vifungo polepole, vyote vinne.

"Aksanti, maman," akasema. "Muizi, tunajua namna ya kumuongelesha."

Walimwita Jumatano. Alhamisi alfajiri Venant alikuwa mlangoni pangu, midomo imekauka. Nikamuuliza wamemfanya nini. Alijaribu kusema. Alijaribu kwa muda mrefu mpaka nikashindwa kumtazama. Basi akaacha, akasimama katikati ya kibanda, akaniigizia.

Akaigiza watu watatu wamekaa kwenye viti. Akaigiza koti likitupwa, mtu akilivaa. Mtu anatembea kutoka ukuta huu hadi ukuta ule, bega chini, mkono ubavuni. Anasimama. Kidole kinamwambia tena. Anatembea. Tena. Mtu anachoka, magoti yanacheza, anaanguka, anainuliwa kwa kola, anatembea. Aliendelea hivyo mpaka nikaelewa kwamba ilikuwa siku nzima, na kwamba hakuna aliyecheka wala kumpiga, walikuwa wanatazama tu. Katika miaka yote ile ndiyo mara pekee nilimwona akicheza na sikucheka. Kisha akafunga kitambaa cha hewa kichwani, akainama mgongo kidogo, nikamtambua Maman Eulalie. Akanionyesha kidole cha kesho. Walikuwa wamemwambia arudi Ijumaa, na aje na mama yake.

Kulikuwa na kitu kimoja zaidi alichotaka kuigiza. Mkono wake ulikwenda kwenye kamba yangu ya nguo, vidole vikakunjika kama vya mwizi, vikasimama hewani karibu na magauni. Akanitazama. Mimi nikatazama cherehani. Nilihesabu mishono ya kitambaa ambacho hata sikumbuki kilikuwa cha nani. Nilipoinua macho alikuwa ameushusha mkono.

"Aksanti, maman," akasema, na safari hiyo hakukwama popote.

Aliondoka asubuhi hiyohiyo na brashi tatu kwenye mfuko. Kwanza alimficha mama yake kwa ndugu zake milimani, mama akakaa huko wiki kadhaa, mpaka watu wa Papa Philémon wakapata kazi nyingine. Yeye mwenyewe alipita nchi mbili, ziwa moja, na kambi moja ambayo anasema hataki kuiongelea. Anapokaa sasa sitapaandika hapa. Nitasema tu kwamba ni tambarare, haina mlima hata mmoja, na kwamba anaandika vibao vya maduka kwa lugha ambayo haisomi. Filamu hachezi. Wa kumpiga picha hana, na wa kumcheka hana.

Neno langu lilibaki hapa likifanya kazi. Lilipanda Nyantende kabla yangu. Nilipompelekea Maman Eulalie unga na sabuni, nilimkuta nje peke yake. Miaka kumi na tatu alikuwa akibeba kikapu cha matoleo kanisani; walikuwa wamempa mtu mwingine, kwa upole, wakasema apumzike. Alinishika mikono yote miwili.

"Delphine, wewe ulikuwa naye kila siku. Ni nani alisema mutoto wangu ni muizi? Nipe jina tu. Sitafanya kitu. Nataka nimujue ju ya maombi."

Nikamwambia sijui. Nikakaa, nikanywa chai yake. Hakuna siku nimejichukia kama siku hiyo, na nilirudi tena mwezi uliofuata na unga mwingine, nikanywa chai nyingine.

Mwaka jana mwezi wa pili, mji ulipobadilisha mikono, wanajeshi wakatoka na waasi wakaingia, tulifungiwa ndani siku kadhaa, na nilisema moyoni, angalau mwenye koti ataondoka na wenzake. Wiki ya pili nilimwona Papa Philémon anashuka barabara na mabwana wapya, bega chini, mkono ubavuni, koti langu likimkaa vizuri. Ofisi yake ilihama nyumba tatu tu. Bado haina kibao.

Wiki mbili zilizopita simu yangu ilitoa mlio. Ilikuwa filamu, dakika tatu, kutoka namba ya nje. Hakukuwa na salamu wala maelezo. Venant amekonda. Amejipiga mwenyewe, simu ameiegemeza mahali, nyuma yake ukuta usiopakwa rangi. Ana utepe wa kupimia shingoni.

Alikuwa ananicheza mimi. Ninakanyaga cherehani, ninainua nyusi, ninamgombeza mteja. Kisha anaingia mtu mwingine, naye ni yeye, hana koti, lakini akashusha bega na akabana mkono, na hata mimi kitandani pangu nilihisi mlango umezibwa. Mtu huyo anauliza. Anaonyesha kamba: nani? Na mshonaji, mshonaji yule wa Venant, anachukua pini kwenye kitambaa, anaziweka midomoni moja moja, zote nne, anatikisa kichwa. Mtu anauliza tena. Mshonaji anatikisa kichwa. Mtu anasubiri, anachoka, anaondoka. Mshonaji anatoa pini, anafuta jasho, anarudi kukanyaga cherehani. Halafu Venant akaja karibu na simu, akaizima.

Basi alijua. Alijua tangu siku ile mkono wake uliposimama hewani, na akaniambia aksanti. Na badala ya kunicheza nilivyokuwa, alinicheza nilivyopaswa kuwa. Afadhali angenitukana. Matusi nayaweza.

Jumatatu hii, Papa Philémon aliingia na koti mkononi. Bitana imechanika tena chini ya kwapa. Alilitundika yeye mwenyewe kwenye kamba, pale pale lilipokuwa zamani.

"Alhamisi nitalifuata," akasema. "Na Alhamisi, maman, tutaongea kidogo. Inaonekana ule muizi wako angali anatuma macinéma."

*

Ni Alhamisi jioni. Amekuja saa nne asubuhi, na vijana wengine, wale wa zamani sijui walikwenda wapi. Nilikuwa bado sijamaliza bitana, kwa makusudi. Namba ya Venant nilikuwa nimeifuta kwenye simu, na filamu pia, ila namba naijua kwa kichwa, na mtaa wake naujua, na hilo ndilo lililokuwa linanitisha. Kichwa hakifutiki.

Alisimama palepale. Alizungumza taratibu, kama anayeomba sukari.

"Siku ile ulinisaidia bien, maman. Ulisema neno moja, tukaelewana. Sasa niambie lingine moja tu. Eko fasi gani?"

Alikuwa anauliza Venant yuko wapi. Nikachukua pini ya kwanza kwenye kitambaa, nikaibana. Nikachukua ya pili. Ya tatu ilinichoma mdomo, nikaonja damu, nikaibana hivyohivyo. Nilipofika ya nne nikamtazama, nikatikisa kichwa.

"Maman Delphine. Eko fasi gani?"

Nikamwonyesha bitana, kwamba nina kazi. Nikakanyaga cherehani. Akavuta kiti cha wateja, kile alichokalia Venant, akakaa. Alikaa mpaka jua likapita juu ya bati na kivuli kikarudi mlangoni. Hakuinua sauti. Alikuwa anatazama tu, na nikaelewa jinsi siku nzima inavyokuwa ndefu mtu akikutazama. Nilimaliza bitana, nikaifumua, nikaanza upya. Alipoinuka hakuchukua koti.

"Nitarudi kesho," akasema. "Na kesho utaongea bila pini."

Leo ni Ijumaa, nimelifungua tena daftari. Kabla ya kufungua nilipanda Nyantende kwa miguu, nikamwambia Maman Eulalie jina alilokuwa ameniomba, langu mimi. Hakunipiga, hakulia. Aliniuliza kama mtoto wake anajua. Nikasema anajua. Akaingia ndani, akafunga mlango, na chai sikupewa.

Nikashuka, nikapitia sokoni, nikanunua paketi mbili mpya za pini. Kibanda kiko wazi. Koti liko kwenye kamba, bega la kushoto chini. Daftari hili nitampa yule mama wa ndizi, ambaye haogopi mtu. Nasikia gari linapunguza mwendo kwenye kona ya juu, na tayari nimebana pini tano.